Safu ya Upungufu

Kwanza walimfundisha kutokimbia.
Dougie Thirlwell, miaka hamsini na saba,
mikono iliyochomelea vyuma vya meli
mpaka karakana za Sunderland zikafungwa,
alipewa koti jeusi, redio ya begani,
na karatasi moja ya kutia sahihi:
Usimguse. Usimfuate nje. Usizibe mlango.
Sema tu, "Naweza kukusaidia?"
kisha sogea pembeni.

"Sasa mimi nalinda nini?"
Meneja, Bi. Pickersgill, hakucheka.
Alivuta kikokotoo karibu.
Kipande cha nyama, pauni nane.
Nyembe, pakiti ya tano, kumi na mbili.
Halafu upande wa pili wa karatasi akaandika:
nyonga ya Callum.

Callum Hesp, kijana wa ishirini na miwili,
alimfukuza mtu mwenye chupa mbili za jini
wakavuka barabara bila kutazama.
Basi lilijaribu kusimama.
Chupa zilipasuka, majini yote mawili yakatoka,
yule mtu akatokomea.
Callum sasa hupanda ngazi ubavu ubavu, kama kaa,
na fidia aliyolipwa
ingenywesha mtaa mzima hadi Pasaka.

Na wakili hulipwa kwa saa.
Na kuna yule mama, Bi. Laverick,
aliyekamatwa mkono mbele za watu
kwa rangi ya mdomo aliyokwisha kuilipia;
risiti ilikuwa ndani ya glavu yake.
Na polisi, ukiwapigia, huuliza: kuna damu?
Kama hakuna, hukupa namba ya kumbukumbu.
Na mahakama hupanga tarehe ya mwakani,
msichana wa kaunta aombe ruhusa kazini,
avae sketi ya kanisani, akae kwenye benchi,
mshtakiwa asitokee.

Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari
hawakuliona daftari la Bi. Pickersgill.
Humo mali hupotea na habari zake zote:
tarehe, saa, rafu, bei.
Safu imeandikwa Upungufu.
Chini yake jumla hukatwa vipande vidogo vidogo
vikapachikwa juu ya mkate, juu ya sabuni,
na ajuza anayehesabu sarafu kwa kidole
hulipia nyembe asizozinyolea.

Hapa neno mwizi halipigiwi yowe.
Huandikwa.

Mwezi wa Novemba alianza kuja kijana wa jibini.
Begi la bluu, kofia ya sufu.
Hakujificha. Alikumba rafu kwa mkono mmoja
kama mtu afutaye makombo mezani.
"Naweza kukusaidia?" alisema Dougie.
"Nibebee hili, basi."
Mlango ukajifungua wenyewe, nao pia umefundishwa.

Usiku Dougie alikaa jikoni, ngumi mezani,
chai ikapoa.

Kisha jioni moja akamwona binti wa Norman,
Norman waliyechomelea naye ubavu wa meli moja,
akitia kopo la maziwa ya mtoto ndani ya koti.
Macho yalikutana.
Dougie akageuka, akaanza kupanga vikapu
ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.
Siku hiyo ile karatasi aliipenda.

Lakini Jumatatu kijana wa jibini
alimtemea Kerry mate kaunta,
na Kerry alijifuta kwa mkono wa sare,
akamtazama Dougie. Hakumtazama kijana.
Karatasi haikuwa na mstari wa kumjibu.

Husemwa za mwizi ni arobaini.
Dougie alizihesabu, vijiti vya kalamu
nyuma ya pakiti ya sigara.
Ya arobaini ilikuwa Alhamisi. Mvua.
Ilipita.

Ya arobaini na moja, kijana aliingia,
akasoma beji kifuani, akatabasamu kama jirani:
"Habari za asubuhi, Dougie."

Na Dougie, kabla hajajizuia,
aliitikia, "Nzuri."