Chengo wa Maji

Alikuja kwa miguu kutoka Majengo,
akasimama mlangoni kashika ubavu
kama aliyeficha yai asilotaka livunjike.
Wagonjwa wa jiwe hawakai, hawalali,
huzunguka chumba wakitafuta
upande wa mwili usio wao.

Jina? Chengo Karisa Mwaro. Kazi?
"Nauza maji. Mitungi ishirini kwa mkokoteni,
kutwa napaza similla, similla, hadi koo likauke."
Na wewe wanwa mangapi?
Akacheka, cheko likamkata katikati.
"Nikinwa, sista, n'takojoa wapi?
Choo cha Mwembe Tayari ni cha kulipa,
na mkokoteni nikiupa kisogo
mitungi hupata wenyewe wapya."

Nikampaka mafuta baridi, nikazima taa,
nikamgeuzia kioo aone.

Hii figo. Yachuja damu, yadondosha.
Lakini tone halina miguu, Chengo,
na mteremko si wa kutegemewa:
hata ungening'inizwa kichwa chini
mkojo wako ungefika.
Kuna mrija, hauzidi ule wa kunywea dafu,
urefu wake shubiri na vidole viwili,
ukuta wake misuli.
Umemwona mama akipitisha kamba
kwenye pindo la suruali?
Akunja, anyosha, akunja, anyosha,
pini haionekani, ila yasogea.
Ndivyo hivyo.
Mara mbili, mara tatu kwa dakika,
umelala, umefunga,
umesahau kama una mwili.

"Nani ausukumaye?"
aliuliza yeye, mwenye viganja vya gome.

Hakuna. Mdundo waanzia figoni penyewe,
kwenye vichembe vichache visivyongoja amri.
Mtu akipewa figo ya nduguye,
neva zimekatwa zote,
mrija hauulizi uko tumbo la nani.

Sikumwambia ya Daktari Nyevu,
anavyoutafuta chumba cha upasuaji
anapotoa kizazi cha mtu,
damu kila pahali, vyote vyafanana.
Huugusa kwa ncha ya koleo na kungoja.
Mshipa wa damu hutulia tu.
Mrija hujinyonga kama nyungunyungu.
"Ndiwe," husema, kisha hupitisha kisu mbali.
Wanawake wangapi wamepona kwa mjinyongo huo
hakuna aliyehesabu.

Nikashuka kwenye kibofu.
Kulia: mruko mwekundu kiooni,
kama mtu aliyetema maji kwa furaha.
Ukarudi. Ukarudi tena.
Kushoto nikangoja.
Dakika mbili. Tano.
Feni ya darini ikazunguka.
"Mwanakombo, hesabu tena," nikajiambia,
nikahesabu tena.

Lilikuwa pale mrija unapoingia kibofuni,
mlango wa mwisho na mwembamba kuliko yote:
kokwa nyeupe, kivuli nyuma yake.
Juu yake mrija umevimba,
figo imejaa kama mtungi uliosahauliwa bombani.
Unachosikia, Chengo, ni msukumaji
aliyekuta lango limefungwa
na hajui kurudi nyuma.

Sikiza hili, tena sikiza vizuri.
Ukishikwa na homa juu ya maumivu, usingoje asubuhi.
Na maumivu yakikoma bila jiwe kutoka,
usiharakishe kushukuru.
Misuli huchoka. Figo hufa kimya,
haivunji hata kikombe.

Jioni hiyo Nyevu akampitishia kijibomba cha plastiki,
jiwe likafuata baadaye, vipande.

Wiki ya saba alirudi,
chupa ya maji kwapani, nusu yake imekwisha.
"Nimeelewana na mwenye choo," alisema,
"nampa mtungi mmoja kwa siku."
Nikazima taa.
Kulia, mruko.
Kushoto hakuna kitu.
Kushoto hakuna kitu.
Kisha mdogo, mwekundu, wenye haya,
ukavuka giza la kibofu.

Chengo akainua kichwa kwenye mto,
akausogelea uso wa kioo
na kumwitia mwenzake njia, kwa sauti ya chini:
"Similla. Similla."