Pete ya Afisi ya Maji

Haroub, kijana wa mitambo, katoka Unguja na boti ya asubuhi
na kifuko cha pete ishirini na mbili,
nyeusi, nyepesi, hazina jiwe wala nakshi.
"Kuanzia leo, Bi Shemsa, hakuna kuandika nywila.
Pete yagusa kisomeo, kompyuta yafunguka."
Akapita meza kwa meza akifunua vibodi.
Kwa Msellem akakuta karatasi imegandishwa kwa gundi,
kwa Bi Rehani, wino mwekundu nyuma ya kalenda.
Kwangu hakukuta kitu.
Yangu mie niliiweka pasipofunuliwa.

Miaka mitatu na ushei mashine ikidai
herufi kubwa, tarakimu, alama,
na kila siku tisini neno jipya.
Nikawaza: jina gani, hapa Wete,
hapana atakayelidhania mkononi mwangu?
Nikaandika la mke mwenzangu.
Biubwa, na moja, na alama ya mshangao,
mshangao ule ule alioniachia Kombo
Ijumaa aliyorudi kanzu inanukia udi
nisioufukiza mimi.

Wiki za mwanzo nikilipigilia kama msumari.
Biubwa wa pili. Biubwa wa tatu.
Asubuhi, baada ya adhuhuri,
na kila umeme ukikatika ukarudi.
Biubwa wa saba sijui alikujaje:
vidole vilimpitia kama vinavyopitia mchele,
vikitafuta chuya, visiione.
Kwa Biubwa wa kumi na moja nikajikuta nauliza
kama mwanawe ashapona surua.
Nilikiuliza kioo. Hakikunijibu.

"Iandike mara ya mwisho, pete ikutambue,"
akasema Haroub, akageukia dirishani,
kwa adabu zake, akawa anahesabu vespa.
Nikaandika. Kumi na tatu. Mshangao.
Kisha pete ikagusa. Tii.
Madeni ya maji ya wilaya nzima yakanikodolea macho,
na vidole vyangu vimebaki hewani
kama mtu aliyejiandaa kupiga hodi
akakuta mlango uko wazi.

Sasa mtaa mzima waniuliza nani kanivisha.
Nawaambia, serikali. Wanacheka, hawasadiki.
Kombo mwenyewe kaitazama mara mbili, kanyamaza.
Nikitawadha naizungusha, maji yapite chini yake;
nikikuna nazi naivua, naiweka kando ya kopo la chumvi.
Haijui mtu, pete hii. Yajua namba yake tu.

Lakini jina limekosa kazi.
Siku ya nne lilinipanda kooni, sokoni,
nyuma ya mwanamke aliyenipa mgongo
akipatana bei ya fungu la muhogo.
Likatoka, kwa herufi kubwa, bila ya tarakimu.

Akageuka.
Mshangao alikuwa nao yeye.