Ufa wa Unywele

Ndege hii ina miaka arubaini na mitatu,
yanizidi mimi kwa sita.
Iliwahi kuwa ya watu wa nchi za baridi, kisha ya wachimba dhahabu,
kisha ikalala jangwani miaka miwili, magurudumu yamefungwa matambara.
Nikiukwangua mkia kwa ukucha
buluu inaachia kijani, kijani inaachia nyekundu,
na chini kabisa herufi tatu za jina
ambalo hakuna aliyebaki kulitamka.
Kipya kinyemi, husema Bwana Tajdini,
na mwezi wa tatu akanunua rangi.

Hakununua ribiti.

Hapa Malindi chumvi haibishi hodi.
Usiku hupanda kutoka ufuoni, huvuka barabara ya Mombasa,
huingia bandani bila kitambulisho,
hukaa kwenye maungio, palepale macho hayafiki.
Kutu ya chuma ina rangi yake, yajitangaza.
Ya alumini ni unga tu, mweupe,
kama poda shingoni mwa mtoto.

Alfajiri nililala chali chini ya bawa la kushoto,
tochi menoni, na kioo cha mkononi,
kile mama alichokuwa akijipakia wanja,
na kidole kikaona kabla ya jicho.
Ufa.
Urefu wake, kucha ya kidole cha mwisho.
Upana, unywele wa mtoto mchanga ungeujaza.
Umeanzia tundu la ribiti ya saba, waelekea ya nane,
kama mtu anayekwenda kumjulia hali jirani,
hana haraka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walitwambia wahenga.
Walikuwa wakisema na watu wa nyumba.
Futi elfu kumi na saba
ukuta utausimamisha juu ya nini?

Bwana Tajdini akaja na manukato yake.
“Mbeyu, jana iliruka?”
Iliruka.
“Juzi?”
Iliruka.
“Basi leo ina nini?”
Leo ina jana na juzi, nikamwambia.
Umewahi kukata waya bila koleo?
Unaupinda huku, unaupinda kule,
na kila mara waya wakwambia niko, niko, niko.

Akacheka kidogo. Akanipa kalamu yake, nzito, ya rangi ya dhahabu.
“Tia sahihi tu. Jioni ikirudi utaiweka sawa.”

Ukumbini walikuwa abiria thelathini na wanne.
Kulikuwa na kaa hai makashani, barafu ikiwayeyukia,
miguu yao ikikwaruza ubao.
Kulikuwa na Famau wa Mambrui na barua ya hospitali,
miguu imemvimba hata makubadhi hayamwingii.
Wengine walinitukana, mmoja kwa jina la mama yangu.
Famau hakunitukana.
Aliuliza tu basi la mchana hufika Nairobi saa ngapi.

Niliandika HAIRUKI kwa wino mwekundu,
kwa kalamu yangu ya shilingi ishirini.

Sasa ni usiku. Naosha mikono kwa sukari na sabuni ya unga,
grisi haitoki kwenye mistari ya kiganja.
Ngowa, msaidizi wangu, ameshika kopo la maji.
“Ingeanguka?”

Sijui.
Labda ingefika. Labda ingefika mara mia nyingine,
na Famau saa hizi angekuwa kitandani, mpira wa dawa mkononi,
badala ya kuhesabu matuta ya Mtito Andei.
Ufa haukunitajia siku yake.

Nasikia Bwana Tajdini ametuma mtu Mombasa
amletee fundi mwenye kalamu nyepesi.
Kesho nitamtangulia.
Nitauzungushia ule ufa duara la kalamu ya nta,
niandike tarehe, niandike saa, niandike jina langu kamili,
ili yeyote atakayelala chali pale
asije akasema hakuuona.