Futa Kila Kilichomo

Kutaisi, mvua ya Februari.
Tsiala ameiweka mezani, kando ya bakuli la kabichi.
Haizidi mche wa sabuni, lakini inahema
kama mzee anayepanda ngazi.

Mfumo wa zamani umegoma tangu Krismasi.
Dukani wamesema: tupa, nunua nyingine.
Kwa pensheni ya nani?

Amechomeka flashi, akabonyeza kitufe,
akabonyeza tena, kama anayebisha hodi
kwa jirani asiyesikia vizuri.
Giza. Kisha herufi nyeupe, mbio mbio.
Kisha swali moja, tena la adabu:
Futa kila kilichomo?

Kidole kimesita.
Humo mna Nodar:
hesabu za mizabibu,
picha arobaini za paka yuleyule,
barua ya kulalamikia maji, haikutumwa.

Paka amemwokoa, wote arobaini.
Mizabibu pia.
Barua ameiacha. Maji yalisharudi,
mlalamikaji ndiye hakurudi.

Ndiyo.

Asilimia tatu. Kumi na tisa. Amekula kabichi.
Mfumo mpya umeuliza jina la mwenye mashine.
Ameandika N,
akaifuta,
akaandika Tsiala, kwa kidole kimoja,
na mashine ikakubali
bila kuuliza mume yuko wapi.