Kipande cha Reli

Saa tano usiku umeme umerudi Kitete
na mama yangu yuko chini ya hadubini:
utando wa ngozi, mwembamba kuliko karatasi ya msokoto,
uliokatwa juzi kwenye kovu la mkono wa kushoto,
pale kidonda kilipofunguka tena bila kugongwa na kitu.

Jina kwenye kioo: Kalunde. Umri: wa kukisia.
Chanzo: moto, bani la tumbaku, Usoke,
miaka kumi na tisa iliyopita.

Nilipaswa kumpa Shigela kioo hiki akisome yeye.
Sikumpa.

Kolajeni imekunywa rangi, imekuwa buluu.
Ngozi nzima husukwa kama tenga, nyuzi huku, nyuzi kule,
ukiivuta inakubali, ukiiachia inarudi.
Hapa hakuna tenga.
Hapa nyuzi zimelala upande mmoja, zimebanana ndi,
kama njia za stesheni ya Tabora mtu akiziona kwa juu.

Na kati ya buluu, wale wadogo. Chembe nyeupe.

Shuleni walikuwa askari.
Mwalimu Mhoja aliwachorea bunduki ubaoni, na kofia.
Hakutuambia kwamba askari huyu hana macho,
kwamba huenda kwa kupapasa,
na habari zote za vita huzisoma kwa nyayo.

Akikanyaga tope la jaruba hutulia:
hula takataka, hufagia, huaga.
Akikanyaga pagumu hukaza mwili,
huamini moto ungali unawaka,
huita mafundi. Mafundi hulaza uzi mwingine.
Pagumu panazidi kuwa pagumu.
Naye anazidi kuamini.

Miaka kumi na tisa.
Bani lenyewe lilishavunjwa, matofali yakajengea choo.

Baba alikuwa wa genge la reli, Igalula.
Aligonga chuma kwa nyundo, kisha akainama, sikio chini,
kama mkunga kwenye tumbo la mja mzito.
"Garimoshi halichagui," alisema. "Kachagua aliyelaza njia."
Masika moja reli ilikatika,
akatuletea kipande shuleni, urefu wa mkono,
kikatundikwa kwa waya kwenye mninga.
Chuma kilichobeba mabehewa miaka hamsini bila neno
kilipata sauti siku kilipovunjika.
Ngo! Ngo! Watoto mia tatu mbio, vumbi tupu.

Ndivyo ulivyo huu uzi wa buluu.
Mzima, haunong'oni.
Uukate, na vipande vyake vidogo vitagonga usiku kucha,
chembe nyeupe zitamiminika kutoka kwenye damu
zisijue nani kapiga.
Usiku ule wa Usoke mkono wa mama ulivimba kama kibuyu.
Nilimkanda kwa maji ya chumvi,
nikidhani ni moto tu unaomaliza hasira zake.

Nasogeza kioo. Narudia pembezoni, mara tatu.
Natafuta kile ambacho makovu ya moto huweza kuzaa yakizeeka.
Mara ya nne.
Hakipo.

Naandika: si saratani.
Mwandiko umepinda. Nachana, naandika upya.

Nje, garimoshi la Kigoma linabadilishiwa njia;
nasikia chuma kikihama, kikikaa.

Kesho nitampigia. Hataniuliza habari za kolajeni.
Ataniuliza kile kipande cha ngozi yake tumekitupa wapi,
maana si vizuri kitu cha mtu kuzagaa.
Nitasema kipo salama, mama, kabatini.
Sitasema kwamba nimekitundika kwenye mwanga
na mpaka saa hizi kinagonga.