Wanja Usiopakwa Machoni

Saa nne asubuhi, Makerere. Mvua imeng'ang'ania madirisha.
Nakalembe, fundi wa maabara, ananusa hewa, anaguna:
"Leo chumvi yako italia."
Kweli. Nikilegeza tu kizibo
kloridi ya antimoni inafuka, inapauka,
inakuwa uji mweupe usiofaa kitu.
Haipatani na unyevu,
na Kampala ni unyevu mtupu.

Basi nangoja. Ligandi iko tayari tangu juzi:
hidrazidi, ile ile ya vidonge vya kifua kikuu,
na aldehidi yenye harufu ya lozi chungu,
nikazichemsha pamoja ndani ya ethanoli
kwa matone mawili ya asidi ya siki.
Umeme ukakatika mara mbili.
Mara mbili nikaanza kuhesabu upya.
Ilipopoa, hidrazoni ikashuka fuwele za manjano
nyembamba kama nywele za mahindi.

Waswahili huiita wanja wa manga, antimoni hii,
macho yakipakwa yapendeze.
Sisi wa Amudat tuliijua kwa sindano.
Lomuria, mdogo wangu, alichunga mbuzi
akiketi juu ya kichuguu,
na usubi hushinda humo, nyufani, ukingoja giza.
Bandama ikavimba hadi kitovuni.
Sindano thelathini kwa siku thelathini,
paja la kulia, paja la kushoto.
Ya kumi na tisa, moyo ukapoteza hesabu.
Ugonjwa au dawa? Hakuna aliyetuambia.

Haya niliyaandika kwenye utangulizi.
Dakta Kyomuhendo akayakata kwa wino mwekundu:
*Andika kemia.*

Naandika kemia.
Saa nane jua limetoka. Tone kwa tone,
chini ya nitrojeni kavu,
na manjano yanaiva kuwa rangi ya papai.
Nachuja. Naosha. Nakausha.
Kwenye karatasi ya infraredi
bonde la kabonili limetoweka,
la azomethini limeteleza hatua kumi na nane:
nitrojeni imeshika.
Joto la kuyeyuka: halina. Huungua kwanza.
Mavuno: asilimia sitini na moja;
nyingine imebaki kwenye chujio na kwenye kucha zangu.

Oksijeni, nitrojeni, oksijeni.
Mafiga matatu, na metali juu yake kama chungu.
Ila upande mmoja hapana kitu.
Vitabu vyasema pamekaa jozi ya elektroni isiyo na mshirika,
haionekani, wala haishiki mtu,
lakini wote waliobaki
wamesogea kuipisha.

Nimechora mara tatu.
Mara tatu nimeacha pale pawe wazi.

Nakalembe ananyoosha mkono apate kubandika lebo.
"Changamano hili tuliiteje?"
"L-nne."
Anadhani L ni ya ligandi.
Anaandika kwa herufi kubwa, anapuliza wino ukauke,
anaiweka kwenye friji, nyuma ya chakula chake cha mchana.