Bahasha Niliyoifunga Alhamisi

Ezati, bahasha hii hapa. Usiifungue hadi Jumapili.
Nimeibandika kwa uji wa muhogo, gundi imekwisha,
na mashahidi wawili wametia dole gumba:
Asibazuyo muuza vifungo
na mwanao anayeuza karanga mlangoni pa kibanda chako.
Jumamosi huko Kampala watavaa, watakanyaga zulia.
Mimi nitakuwa hapa Oli, napinda suruali za shule,
ila neno langu litakuwa limewatangulia.

Filamu bora watatoa kwa Nyumba ya Ghorofa Tatu.
Najua. Ina helikopta, ina machozi, ina mkwe tajiri,
na waamuzi hupenda kitu chenye ngazi.
Niliitazama mara mbili, ya pili nikiwa na kazi mapajani,
nikashikiza vifungo kumi na sita na sikukosa kitu.
Filamu ikikuachia kushona, hiyo si filamu,
ni redio.

Yangu mimi ni Deni la Chumvi,
iliyokaa kwako siku tatu, watu kumi na mmoja,
wawili kati yao wakikimbia mvua.
Hapo nilijidunga kidole.
Kovu lipo bado, litazame. Hiyo ndiyo kura yangu.

Mwigizaji bora wa kike, andika Nassolo.
Kulia analia, simnyimi haki yake,
analia kama bomba la mjini: fungua, funga.
Lakini alipomenya muhogo ulimwona?
Kisu kakielekeza tumboni mwake mwenyewe,
ganda linamdondoka vipande kama la yai.
Mama wa watoto sita! Sita, na muhogo unamshinda!
Ningempa Ayikoru, aliyecheza mdai,
aliyekaa kigodani dakika nzima bila neno,
akakunja noti, akaifunga kwenye ncha ya leso,
nasi kibanda kizima tukainamisha vichwa
utadhani sisi ndio tuliokopa.

Sauti bora, sijui.
Ilinyesha ndani ya filamu, ikanyesha juu ya mabati yako,
na hadi leo sijajua mvua ipi ilikuwa ya nani.
Nimeweka alama ya kuuliza.

Na Drani je, na maikrofoni yake iliyofungwa kitambaa?
Meneja wa benki akisema maneno manne
Drani anatutafsiria arobaini, kwa Kilugbara cha sokoni,
na humo anatia bei ya nyanya na ugomvi wa jirani.
Siku ile marehemu alipolala kwenye jeneza
Drani akamsemea: "Shingo inaniuma, mto uko wapi?"
Tukacheka msibani. Nani mwingine amewahi kunifanyia hivyo?
Tuzo ya mtu kama yeye haipo. Nimemchorea mstari, nikaandika jina.

Mstari mwingine nimeuchora chini kabisa.
Wapenzi wanaagana kando ya barabara ya Rhino Camp,
na nyuma yao, sekunde nne, nimezihesabu,
anapita mtu na baiskeli, kuku wananing'inia kwenye usukani.
Anageuza shingo kidogo, anakasirika kidogo, anapotea.
Ni Afeku wa Ediofe! Nilimfuata hadi kwake nikampongeza.
"Filamu gani?" akasema. "Nilikuwa nimechelewa,
na wale watu walisimama njiani."
Mwigizaji bora wa kiume, Ezati. Hakuna wa pili.

Mwaka jana nilipata mbili kati ya tisa, ukanywa soda zangu zote.
Safari hii karatasi ina safu mbili:
kushoto watakaoshinda, kulia ninaowataka.
Dau letu ni la kushoto.
Nikikosa yote, kreti nitaleta mwenyewe,
kichwani, mchana kweupe, huku nikicheka.

Sasa ondoka mlangoni, unanizibia mwanga.
Suruali ishirini hazina zipu
na shule inafunguliwa Jumatatu.